Komisyo ya Papa

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuziumiza seli za ubongo, ila kidogo tu. Hilo "kidogo" ndilo lililokuwa gumu. Kuua seli ni rahisi. Acha kabati la joto zinamotunzwa wazi kwa saa chache, ukirudi utazikuta zote zimekufa. Lakini kuziumiza kiasi cha mtu aliyejigonga kwenye fremu ya mlango, akasema "aah", akajipangusa na kuendelea na safari yake, hilo linataka mkono mtulivu na mtu asiye na kitu kingine cha kufanya Jumapili. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni mtoto wa seremala wa Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa. Nilisoma, nikafaulu, nikapelekwa mbele zaidi, mpaka nikajikuta kwenye maabara moja Ulaya, katika mji wa baridi ambao mpaka leo sina hamu ya kuutaja. Nyumbani walijua kwamba ninasomea vichwa. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Mutoto yangu iko munganga ya bichwa," nami nikichukia, kwa sababu sikuwa mganga wa kitu chochote. Sikuwahi kumshika mgonjwa mkono. Niliwahi kushika sahani tu.

Sahani zenyewe zilikuwa hivi. Chini hazikuwa na kioo, zilikuwa na utando mwembamba wa mpira unaopitisha mwanga, uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Juu ya utando huo tulipanda seli za neva tulizozitoa kwenye ubongo wa vijusi vya panya. Kwa wiki mbili tulizilisha na kuzingoja, nazo zilitoa mikono mirefu na kutafutana, hii inamshika mwenzake, ile inaishika ya mbele, mpaka zikaanza kupelekeana umeme. Ukizipanda chache mno, zikakaa mbalimbali, zinakufa. Chakula kipo, joto lipo, ila zinakufa kwa kukosa wenzao. Siku niliyofundishwa hilo nilikuwa na miezi miwili katika mji ule, na jirani yangu wa ghorofa ya tano nilikuwa simjui hata jina. Nilicheka peke yangu, kisha sikuona tena cha kuchekesha.

Zikishakomaa, tunaachia pumzi moja ya hewa chini ya utando. Utando unavimba na kurudi, upesi kuliko kupepesa jicho, na seli zinavutwa pamoja nao na kurudi. Basi, imekwisha. Ukizitazama kwa hadubini wakati huohuo huoni kitu. Zimekaa palepale, nzima, zina sura nzuri. Ni baadaye, kama una subira, ndipo unaona kwenye ile mikono mirefu vivimbe vidogovidogo vinatokea, kama shanga kwenye uzi. Na zile zilizokuwa zikizungumza kwa pamoja, moja moja zinanyamaza.

Sehemu yangu mimi ilikuwa pigo la pili. Ukiziacha seli zipumzike siku kadhaa baada ya pigo la kwanza, nyingi zinajirudia. Lakini ukizipiga tena mapema, kwa nguvu ileile ndogo, au hata ndogo zaidi, uharibifu wake hauwi mara mbili, unakuwa mkubwa kupita matarajio. Nilikuwa natafuta huo "mapema" unaishia wapi. Mkuu wetu, mama mmoja mkavu mwenye nywele fupi, hakupenda tujigambe kwamba tumejua. "Sahani si mtu," alikuwa akisema kila Jumatatu, na alikuwa sahihi. Seli haina mke wa kusema siku hizi umebadilika. Haina kazi ya kurudi kesho, haina mlango wa mteja unaongoja.

Kazi hiyo ilinila. Seli hazijui Idi wala Jumapili, zinataka kula. Idi mbili niliswali na watu nisiowajua, kwenye ukumbi wa michezo waliokuwa wameukodi, kisha nikakimbilia basi nikabadilishe chakula cha sahani. Nyumbani nilijua wanakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na wali, wageni wanapanda na kushuka ngazi, papa, yaani baba yangu, ameketi mlangoni na kanzu yake ya sikukuu. Nilikuwa na upweke ule unaomfanya mtu akasirike badala ya kulia. Mimi kwa asili nina hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso. Kule hasira zangu zilipata nafasi ya kutosha na hazikupata mtu wa kuzituliza.

Na mtu niliyemkasirikia zaidi alikuwa simu.

Kwetu Kamembe, na hata ng'ambo kule Bukavu, komisyo ni lile jambo unalomtuma mtu anayekwenda unakotaka wewe. Unashuka Cyangugu? Chukua komisyo yangu. Unavuka daraja la Rusizi ya pili? Basi una komisyo, niletee kitenge cha rangi ile. Ni neno zuri, lina udugu ndani yake. Lakini ukikaa Ulaya linageuka. Kila aliyepata namba yangu alikuwa na komisyo: viatu vya mpira vya shemeji, miwani ya shangazi, simu ya mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani, dawa ya nywele. Mimi naishi kwenye chumba kimoja, nakula mikate, na watu wananiona duka. Nikaanza kuchagua simu za kupokea. Ujumbe mrefu wa sauti nilikuwa naupima kwa macho kabla ya kuufungua. Ukizidi dakika mbili naujua ni komisyo yenye maelezo.

Papa mwenyewe hakuwa muombaji. Mara moja tu, mwezi mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, aliniuliza taratibu kama huko nilipo randa za umeme zinapatikana, kwa sababu mkaratusi mkavu unamvunja mabega. Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Kisha ukafika mchana mmoja wa Jumatano. Nilikuwa nimezipa sahani pigo la kwanza Jumanne, na pigo la pili lilipaswa liwe siku hiyo alasiri, si mapema na si kuchelewa. Simu ikatetemeka. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mama wa jana yake, wa dakika nne, ambao sikuwa nimeufungua. Chini yake kulikuwa na mpya, mfupi. Nikaufungua mfupi.

"Mutoto yangu, unatunyamazia juu ya nini? Papa yako iko na komisyo, tena nguvu. Anauliza weye, aendelee na kazi ao angoje kwanza? Utujibu, anakungojea weye tu."

Nikasema moyoni, randa imeanza. Tena sasa ni ya kulazimishwa: niinunue ama mzee aache kazi. Nilikuwa nimevaa glavu. Nilivua moja kwa meno, nikajibu kwa sauti, na sauti yenyewe nilijua ilikuwa kavu.

"Mama, mwambie papa aendelee na kazi zake. Si jambo la haraka. Tutaangalia mwezi ujao."

Nikavaa glavu, nikarudi kwenye sahani zangu. Pigo la pili lilikwenda vizuri sana.

Siku kumi na mbili baadaye alinipigia dada yangu. Yeye ameolewa Bukavu, ni mwalimu, Kifaransa chake ni cha shule na hakosei hata herufi. Hakunisalimu. Aliniambia papa alikuwa Cyangugu, chini karibu na ziwa, akitundika mlango kwenye nyumba ya mteja. Mlango ulitoka kwenye bawaba ukamsukuma, kisogo kikagonga ukuta. Hakikugonga kwa nguvu. Papa alikunywa maji, akamaliza mlango, akapanda pikipiki mpaka Kamembe. Alipoingia nyumbani akamuuliza mama kama watoto wamesharudi kutoka shule. Watoto wenyewe ni mimi na dada yangu. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na saba.

"Ni komosyo ya pili," dada akasema. "Ya pili, kaka! Na ile ya kwanza ulisema aendelee na kazi. Kwenye shule yako banafundisha hivyo?"

Komosyo. Kwa Kifaransa ndiyo hiyohiyo niliyokuwa naisomea: ubongo kutikisika ndani ya fuvu bila kuvunja kitu. Nililisikia neno hilo. Nikakata simu bila kuaga, nikatafuta ule ujumbe wa dakika nne, nikakaa kwenye sakafu ya korido ya maabara, watu wakipita, nikausikiliza.

Mama alisimulia kama anavyosimulia kila kitu, akianzia mbali. Mvua ilivyonyesha. Mbao zilivyopangwa vibaya juu. Papa alivyonyoosha mkono kutoa moja, na ya pili ikamwangukia utosini. Hakuzimia, aliona nyota tu. Akapelekwa hospitali, na muuguzi aliwaeleza vizuri, tena mara mbili. "Amesema ile ya ndani ya kichwa imetikisika, haikuvunjika. Jina yake ni komisyo. Anakataza kazi wiki mbili, anakataza makelele, anakataza kubeba. Papa yako anasema wiki mbili ni nyingi, kuko mulango ya bantu ya Cyangugu. Basi tumesema, tuulize muntu mwenye kujua. Weye ndiwe unasomea bichwa. Weye useme, na papa yako atafuata."

Mama hakuenda shule ya Kifaransa. Muuguzi alisema komosyo, na sikio la mama likachukua neno lililolijua. Nani atamlaumu? Angeniambia kichwa, ningejua. Angeniambia maradhi, ningejua. Alinipa jina la ugonjwa kama alivyolishika, naye hakukosea kwa lolote lingine. Mimi ndiye niliyesikia muombaji.

Kinyozi hajinyoi, wanasema wahenga, nami nilikuwa nimeicheka methali hiyo miaka mingi. Katika dunia nzima, watu wanaojua kwamba pigo la pili ni baya kuliko la kwanza si wengi sana. Papa alikuwa na mmoja wao ndani ya nyumba yake. Akamuuliza, akangoja jibu, akatii.

Sasa niseme na hili, maana nikilificha maandishi haya hayana faida. Sikupanda ndege wiki ile. Niliwaambia natafuta tiketi. Kweli yake nilikuwa na sahani kumi na nane kwenye kabati la joto, na nilizimaliza. Nilirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, mkataba ulipokwisha, na sikuomba mwingine. Sasa nafundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari hapa Kamembe, nalala kwenye chumba changu cha zamani, na dirisha langu linatazama karakana ya papa.

Nilipofika alinipokea kwa furaha, akanishika mabega akasema nimekonda. Alionekana mzima. Hilo ndilo lililonitisha, kwa kuwa nilikuwa nazijua vizuri sura za kuonekana mzima. Hospitali kubwa walikuwa wamepiga picha ya kichwa, nayo ilikuwa safi. Watu waliotoka msikitini walimpigapiga mgongoni: "Mzee, hauna kitu weye! Unapendeza." Naye alicheka nao. Kisha aliingia ndani, akafunga mapazia, akajilaza na kitambaa usoni kwa sababu jua la adhuhuri lilikuwa linamchoma ndani ya macho.

Mwanaume aliyeishi miaka arobaini katikati ya misumeno hakuweza tena kuvumilia mama akiosha masufuria. Aligomba kwa mambo madogo, akaomba radhi, akasahau kwamba ameomba, akaomba tena. Jambo lililomuuma zaidi ni vipimo. Zamani alikuwa akisimama mbele ya mlango, anautazama, anataja urefu, ukipima unakuta hivyohivyo. Sasa alipima kwa futi mara tatu, akaandika mara tatu, na mlango ukatoka mfupi vidole vinne. Alikaa juu ya mlango huo mchana mzima. Nilimwambia, "Pole, papa," kama mpita njia.

Nilijaribu kuwaeleza watu. Niliwaambia majirani kwamba picha ikiwa safi haimaanishi kwamba hakuna kitu, kwamba nyuzi za ndani zinaweza kuumia bila kuonekana, kwamba nimeziona mwenyewe. "Umeona ya papa yako?" mmoja akaniuliza. Nikasema hapana, nimeona za panya. Walicheka kwa adabu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya saruji. Nilirudi chumbani nikiwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa kwenye ghorofa ya tano. Kule angalau nilikuwa na watu wanne waliojua ninaloliongelea, hata kama hawakujua mimi ni nani.

Na papa alikuwa akinitetea. Hicho ndicho nilichoshindwa kukimeza. Dada yangu akija kutoka Bukavu na kunikazia macho, papa anasema, "Wachana naye. Mutoto alifikiri, akaona kazi haina shida, akanipa ruhusa. Amekosea. Munganga wote wanakosea." Aliwasimulia hivyo hata wageni. Katika hadithi yake mimi nilikuwa nimekaa na vitabu vyangu kule Ulaya, nimelipima jambo lake usiku na mchana, kisha kwa bahati mbaya nikakosea. Mama naye aliamini hivyo. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakukuwa na kufikiri kokote, kulikuwa na glavu moja mdomoni na mtu anayetaka kumwondoa baba yake njiani.

Mwaka ukazunguka. Papa alipata nafuu, si yote. Alirudi karakana kwa saa chache asubuhi, akitengeneza vigoda, kwa sababu kigoda hakina fremu ya kulingana nayo. Nilikuwa nikimsaidia baada ya shule. Tulizungumza zaidi kuliko tulivyowahi kuzungumza, na kila tulipozungumza nilihisi mwongo. Nikaamua nimwambie.

Nilichagua Ijumaa, baada ya swala. Mama alikuwa amevuka kwenda kwa dada. Papa alikuwa na siku nzuri, kichwa hakimuumi, ameshinda akipiga msasa mguu wa kigoda. Nikakaa mbele yake nikamwambia yote. Kwamba sikuusikiliza ujumbe mrefu. Kwamba mama alisema komisyo, nami nikadhani anataka randa ya umeme. Kwamba nilisema aendelee na kazi kama unavyomjibu mtu anayekusumbua. Nilitokwa na machozi, sikuyaficha.

Papa aliuweka chini mguu wa kigoda. Kisha akaanza kucheka. "Komisyo!" akasema. "Mama yako! Komisyo!" Akacheka mpaka akashika kichwa, akasema asicheke, kinamuuma, akacheka tena. "Kumbe randa! Na mi niko hapa nakufa na kichwa!" Akanishika mkono, mkono wake umejaa vumbi la msasa. "Acha kulia. Imeisha. Mungu ndiye aliandika. Weye ni mutoto yangu." Nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Jioni ile nilikula kama mtu aliyetoka safari, na nikaswali swala ndefu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta uani akinywa chai. Akanikaribisha, akanisogezea mkate.

"Jana ulisema unatafuta kuniambia kitu," akasema. "Tulikuwa mu karakana. Nimewaza, nimewaza, sijue ulisema nini."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na uso wa mtu anayeona haya kidogo kwa kusahau. Kicheko chote kile, mkono ule, ule msamaha, vilikuwa vimekwenda, na mtu pekee aliyevikumbuka alikuwa mimi.

Ningeweza kusema haikuwa kitu. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema hivyo. Nadhani nilitaka msamaha unaojulikana na watu wawili. Msamaha anaoujua aliyesamehewa peke yake nauona kama nguo ya kuiba. Inakutosha, lakini huivai mbele ya watu. Basi nikamwambia tena. Na kwa kuwa nilishajua mwisho wake, niliisimulia vyepesi. Niliigiza sauti ya mama. Neno la komisyo nililiweka mbele, kama kichekesho, nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Ile message ya mama yako, ya murefu, uliisikia lini?"

"Baada ya pigo la pili, papa. Dada aliponipigia."

"Na mbele ya pale haukujua kama niko mugonjwa."

"Sikujua."

Alitazama mikono yake. Kuku wa jirani alipita kati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo haukunifikiria," akasema. Kisha, taratibu, bila hasira, na heri angekuwa na hasira: "Mi nilijuaka ulifikiri, ukakosea. Hiyo niliweza kukaa nayo. Muntu anakosea. Sikujua kama ulinichoka."

Akainuka akaingia ndani, na sikumfuata. Nilikaa na vikombe viwili mpaka chai ikawa na utando juu.

Nitasema ukweli wa aibu: nilingoja asahau. Kesho yake, Jumapili, niliamka mapema nikamtazama usoni kama nilivyokuwa nikizitazama sahani, nikitafuta dalili. Nilimsalimu kwa furaha ya uongo. Alinijibu vizuri, kwa adabu, kama anavyomjibu mpangaji. Jumatatu vilevile. Wiki ikapita, kisha mwezi. Mtu huyohuyo husahau kama ameswali alasiri, akamuuliza mama, akaswali tena kwa tahadhari. Husahau jina la mjukuu wake wa tatu. Wiki iliyopita alimuuliza dada yangu mume wake anafanya kazi gani. Hili moja hakulisahau. Labda kuna anayejua sababu yake. Mimi nilisoma miaka minne na sijui, na nimeacha kuitafuta.

Hanisemi kwa watu, wala hanitumi tena kitu. Wageni wakimuuliza kuhusu kichwa chake, ile hadithi ya mutoto aliyefikiri akakosea haisimulii tena. Anasema ubao ulimwangukia, basi. Mama ameona kuna kitu na ameniuliza, na mimi nimemwambia papa amechoka tu. Siwezi kumwambia. Nikimwambia, atajua kwamba ni neno lake lililotupoteza.

Jioni bado naenda karakana, na bado ananiachia nafasi kwenye benchi. Jana alikuwa akichora alama kwenye ubao, penseli ikamponyoka, ikabiringika ikaja kusimama kando ya kiatu changu. Niliiona, nikangoja aseme, "Niokotee," ili niiokote nikiwa nimetumwa. Yeye alinitazama, akaitazama penseli. Akazunguka benchi zima, akishika mbao kwa mkono mmoja, akafika kwangu akainama mwenyewe. Kuinama kunamtia kizunguzungu. Alikaa pale chini muda, ameshika mguu wa benchi, amefumba macho, hajaniomba mkono.